Dakika Kumi na Moja za Katuba

Droni niliinunua kwa mpima ardhi wa mgodini
aliyekuwa anahamia Kolwezi na hakutaka mzigo.
Panga moja limemeguka ncha,
betri inadumu dakika kumi na moja,
ya kumi na mbili ni ya Mungu.

Kurusha nilijifunza Jumapili mbili.
Kuhariri, huu ni mwezi wa tatu
na bado nachagua jembe.

Programu ya kwanza ni ya bure.
Chola, mtoto wa dada yangu, aliisifu kama mchumba:
"Mjomba, hii ndiyo wanayotumia wakubwa."
Ikafunguka nusu, ikadai kumbukumbu ya gigabaiti kumi na sita.
Mashine yangu ina nne.
Ni kumkaribisha tembo kwenye chumba cha kupanga
na kumwambia avue viatu.

Ya pili ilikubali kila nilichoipa, haikuuliza.
Mwishoni ikagonga jina lake katikati ya mbingu,
herufi nyeupe juu ya kile kilima cheusi cha mavi ya shaba,
juu ya bomba refu la moshi, juu ya paa la mama mkwe,
kama mgeni uliyempa bukari akashiba
akaondoka ameandika jina lake ukutani.

Ya tatu inataka dola kila mwezi.
Mwenye nyumba tayari ninaye,
Bwana Kabamba, na yeye angalau hupiga hodi.

Friji ya muuza samaki inakoroma karakanani.
Mwenyewe amekuja mara tatu,
mara tatu amenikuta nimeinama mbele ya kioo
nikikata sekunde mbili za kichuguu.
Kichuguu chenyewe kiko nyuma ya shule,
kimeipita nyumba kwa urefu;
kutoka juu kinaonekana kidogo kama goti.
Sijui nianze nacho au nimalizie nacho.

Ya nne ina akili, ndivyo walivyoniambia.
Unabonyeza mara moja, inatengeneza yenyewe.
Ikanyoosha mtikisiko wote wa upepo wa Agosti,
ikaupunguzia udongo wekundu,
na mfereji ulio nyuma ya nyumba zetu,
ule wenye rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni,
ikaufanya buluu.

Nikamwita Mama Mwadi,
mwenye matuta ya lengalenga kando ya mfereji huo.
Akavaa miwani ya marehemu mumewe,
akatazama hadi mwisho,
akaomba kutazama tena.
"Pazuri," akasema. "Ni wapi?"

Nikamtania kwamba ni Zambia.
Akacheka. Kisha akaliona bafu lake la bati,
akaacha kucheka.

"Mwaka mzima," akasema, "nabeba ndoo ya maji haya
kutoka ofisi hadi ofisi, waione rangi.
Wewe umeyaosha kwa kidole kimoja."

Basi kuna ya tano. Sikuitaja kwa aibu.
Ni ya zamani, ilikuja na mashine,
Chola akiiona hugeuza uso.
Inajua kukata, inajua kuunga,
buluu haijui.

Umeme ulirudi saa nane usiku.
Nikawasha: asilimia sitini, sabini,
feni ikivuma kama droni iliyofungiwa sandukuni.
Mke wangu akajigeuza: "Inaruka tena?"
Asilimia tisini na saba,
giza.

Nitaanza upya. Mtikisiko nitauacha.
Na pale dakika ya nne, Mama Mwadi anapoinua uso,
amekinga jua kwa kifuniko cha sufuria,
sitakata mapema kama nilivyokusudia;
nitangoja amalize kunisemesha,
midomo tu, sauti haikufika kule juu,
na mpaka leo hataki kuniambia alisema nini.

Flashi yake ameniletea asubuhi hii,
imefungwa kwenye pembe ya kitenge, fundo mbili,
mahali anapofunga pesa.
Muuza samaki alikuwa nyuma yake.